Kawia Ufike

Sisi wa Kidato cha Nne tukiulizwa kazi tuzitakazo, urubani haukosi kutajwa. Ni kazi njema. Lakini wengi wetu hudhani kwamba rubani hodari ni yule asiyeogopa kitu. Mimi nasema rubani hodari ni yule awezaye kutamka, "Usiku huu siruki."

Tutazame habari moja ya Marekani. Usiku wa tarehe 3 Februari, 1959, wanamuziki Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson walikuwa katika jimbo la Iowa. Walikuwa wamechoshwa na safari za basi katika baridi kali, kwa hiyo wakapanda ndege ndogo ya kukodi. Ilipaa karibu saa saba za usiku. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka, mawingu yamefunika nyota, na chini ni mashamba yasiyo na taa. Baada ya dakika chache ikaanguka, hata kilomita 10 haijafika. Wote wanne walikufa. Rubani alikuwa na miaka 21. Ritchie Valens alikuwa na miaka 17, sawa na mimi niandikaye.

Wachunguzi hawakuona ubovu wa injini. Walisema kwamba rubani hakuwa na cheti cha kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, na tena hakuelezwa sawasawa hali ya hewa iliyokuwa mbele yake.

Pengine utauliza, je, mtu hajui kama yu wima au ameinama? Ajabu ni kwamba hajui. Ndani ya sikio mna maji yatupayo habari ya kugeuka kwetu. Ndege ikizidi kugeuka polepole, maji hayo hutulia, na rubani asiyeona ardhi wala mbingu huamini kwamba aenda moja kwa moja, kumbe azunguka huku akishuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo. Wote walishindwa kuiongoza ndege, na kwa wastani walishindwa baada ya sekunde 178. Hizo hazitimii hata dakika tatu!

Wala hayo si mambo ya zamani tu. Tarehe 16 Julai, 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa Rais, alianguka baharini usiku wa giza na utusitusi, pamoja na mkewe na shemeji yake. Yeye pia hakuwa na cheti hicho.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la rubani peke yake. Mimi naona abiria naye ana sehemu yake, kwa maana mara nyingi ndiye mwenye haraka, ndiye anunaye akiambiwa angoje asubuhi. Na je, kama ndani yumo mgonjwa? Hata mgonjwa hapati faida kwa ndege isiyofika.

Nahodha wa jahazi hungoja upepo mwema, wala hakuna amwitaye mwoga. Basi wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu, tumpe rubani heshima hiyo hiyo. Akisema, "Tulale hapa," tusimnung'unikie, tumshukuru. Wahenga hawakukosea waliposema: Kawia ufike.