Jike akiwa peke yake, usidhani hana mtoto

Hoja ya kupunguza majike kwa kuwinda kila msimu ili wanyama wasizidi malisho ina mantiki Marekani. Kulungu wa kule huzaa zaidi mwezi Mei na Juni, kwa hiyo uwindaji ukifunguliwa miezi ya baridi watoto wameshakua.

Huku Karagwe na Kyerwa, Tanzania, tuko karibu na ikweta, tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na pongo huzaa mwezi wowote. Akishazaa humficha mtoto kichakani na kula hata kinyesi cha mtoto huyo ili chui asinuse harufu, kisha huenda kutafuta malisho peke yake. Mwindaji anaona jike asiye na mtoto ubavuni, anafyatua. Mtoto anakufa njaa kichakani.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda jike mwenye mimba au anayeongozana na mtoto. Ni sheria nzuri, lakini haimkingi aliyemficha mwanawe.

Tangu 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa, uwindaji ndani yake ni marufuku. Ila pongo hajui mpaka; usiku huingia hadi kwenye mashamba yetu ya maharage. Naiomba serikali: nje ya hifadhi, kibali cha pongo kiwe cha dume mwenye pembe tu, mwaka mzima. Na sisi wanakijiji tung'oe mitego ya waya, maana waya hauchagui dume wala jike.