Methadoni Si Upungufu wa Imani

Tuseme wazi tangu mwanzo: fundisho linalomtaka kijana aliyenaswa na heroini aache dawa ya kliniki ili aonyeshe imani yake si fundisho la Kristo. Tunalipinga, na tunawasihi washarika walipinge popote linaposikika, iwe kwenye mkesha, kwenye jumuiya au redioni.

Wanaolifundisha husema kunywa methadoni ni kuacha unga na kushika unga mwingine. Husema aliyeombewa kweli hahitaji kikombe cha dawa kila asubuhi. Maneno haya yamevaa joho la utakatifu, ndiyo maana huvuta watu. Hebu tuyapime.

Heroini huubadilisha mwili. Mtu akishaizoea, hatafuti tena raha, anakimbia arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, kukesha bila usingizi. Ili asiumwe ataiba hata sufuria ya mama yake. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya, na kwa kipimo sahihi huzuia arosto kwa muda wa saa 24 hivi bila kumlewesha. Anayeacha sindano za kuchangia anaepuka VVU na homa ya ini. Anakula, analala, anafanya kazi, anakaa ibadani mpaka baraka ya mwisho. Je, huo ndio utumwa? Mwenye kisukari huchoma insulini kila siku, na hakuna anayemwambia kwamba hana imani.

Tiba hiyo ipo kwetu. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, kama Mbeya, Mwanza na Dodoma. Dawa hutolewa bila malipo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu ya bure, 119, kwa anayetaka kuelekezwa.

Tulinganishe na njia ya kumfungia. Ndugu humfungia kijana chumbani, au humpeleka kambi ya maombi kwa majuma kadhaa. Akitoka, watu hushangilia. Lakini mwili wake umekwisha kupoteza mazoea ya ile dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani, hata siku moja tu, pumzi inaweza kukatika. Kisha msibani watu hunong'ona kwamba alirudia dhambi. Sisi tunasema alinyimwa tiba.

Hatudharau maombi. Yakobo anawaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na tutaendelea kufanya hivyo. Lakini yule Msamaria katika Luka 10 hakumwombea majeruhi akaenda zake. Alifunga majeraha, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Hakumuuliza kwanza alikuwa akitafuta nini kwenye njia ile.

Katekisimo Ndogo ya Luther, tuliyoisoma sote kabla ya kipaimara, hairuhusu mkato. Katika Amri ya Tano inatufundisha kwamba kutoua hakutoshi. Tunadaiwa kumsaidia jirani katika shida zote za mwili. Katika Amri ya Nane inatudai tulinde jina lake. Basi neno “teja” lisitoke kinywani mwetu. Aliyebatizwa ana jina, na jina hilo lilitamkwa mbele yetu kwenye kisima cha ubatizo.

Nini kifanyike? Kwanza nauli. Dawa ni bure lakini kliniki iko mbali, na mgonjwa anatakiwa kufika kila siku. Wengi hukatizwa na nauli, si na shetani. Idara ya diakonia inaweza kubeba mzigo huo. Pili, wazazi wasiachwe wafiche. Mama anayeogopa kusemwa kwenye kikundi cha wanawake atamficha mwanawe mpaka amzike. Tatu, tuzuie mapema. Tramadoli ni dawa ya maumivu ya ukoo mmoja na heroini. Isinunuliwe bila cheti cha daktari, isigawanwe kama peremende, na vidonge vilivyobaki baada ya ugonjwa virudishwe kwa mfamasia. Walimu wa kipaimara waliseme hili darasani, kwa jina lake, bila kuzungukazunguka.

Na mtu akianguka tena? Uraibu ni ugonjwa unaorudi. Arudishwe kliniki siku hiyohiyo, na asiondolewe kwenye kwaya ili awe fundisho kwa wengine.

Baraza la wazee linapokutana mwezi huu, baada ya taarifa ya matoleo na ya ujenzi, liongeze ajenda moja: nani katika mitaa yetu anahitaji kufikishwa kliniki kesho asubuhi, na nani atakwenda naye.