Rughenda hadi Mavivi: robo saa ya nani?

Kuna hesabu moja inanichosha. Ni ya wale wanaosema: Butembo na Beni ni jirani, uwanja wa Mavivi unatosha kwa miji yote miwili, ya nini kusumbuka na Rughenda?

Kwa ramani wana haki. Kutoka Rughenda hadi Mavivi, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita hamsini na kitu. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 250 kwa saa ingemaliza kabla ya robo saa. Lakini nani kati yetu anasafiri kwa mstari huo? Sisi tunashika barabara ya taifa namba 2: kilomita 54 hadi Beni mjini, kisha karibu kumi tena, kupitia Boikene na Ngadi, ndipo uone Mavivi.

Na kilomita hizo zina historia. Ukipita Maboya unakumbuka usiku ule wa Oktoba 2022, ADF walipoingia hospitalini wakaua na kuchoma. Upande wa Boikene na Ngadi watu wamezika sana tangu mauaji yaanze Beni mwaka 2014. Kwa hiyo mwenye akili hatoki Butembo saa tisa ya usiku ili awahi ndege ya asubuhi. Anatoka jana yake, analala Beni. Asiye na jamaa analipa chumba, chakula na pikipiki ya kesho. Mgonjwa anayepelekwa Kinshasa naye ni hivyo hivyo, pamoja na anayemuuguza. Mvua ikinyesha, tope linaongeza saa ambazo hakuna tiketi inayoziandika.

Zamani ungeambiwa: basi, pitia Goma. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, ndege za abiria zilikatika kule, na serkali ya mkoa ikahamia Beni. Watu wa Goma wenyewe wakaanza kuzunguka Rwanda na Uganda, waingie kwa Kasindi, ili wapandie Mavivi. Uwanja mmoja, mzigo wa mkoa mzima. Halafu mtu anatuambia unatosha!

Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale Mpondwe, mpakani, kazi ya kilomita 223 za barabara. Ndani yake zimo hizi 54 za Beni–Butembo. Anayetaka Mavivi iwe uwanja wetu sote aanze hapo: lami ifike Butembo, na askari wailinde njia. Makampuni ya ndege nayo yapange saa ambazo mtu anayetoka Butembo jua limekwisha kuchomoza anaweza kuziwahi. Safari ikifutwa, ajulishwe kabla hajapanda gari, si akiwa amekwisha kufika na mizigo na watoto.

Kama hayo hayawezekani, Rughenda itengenezwe. Msituambie tuchange, Butembo imechanga mengi. Kila abiria analipa Go-Pass, na tuliambiwa pesa hiyo ni ya kuendeleza viwanja vya ndege. RVA ije redioni ituambie: ile ya abiria wa Butembo imefanya nini Rughenda?