Wufa Ilitikisa Nyumba, Gogo Akahamia Jikoni

Leo naongea kuhusu wufa, na najua kuna watu watanikasirikia, kuanzia ndugu yangu mdogo ambaye hadi leo hajanisamehe.

Msimamo wangu ni huu: hizi hom thieta tunazokimbilia, zenye taa za rangi saba na namba kubwa kwenye boksi, nyingi hazifai sebule. Zinafaa kinyozi. Zinafaa koito, watu wakiwa wamejaa hadi nje ya geti. Lakini nyumba ambayo watu wanaketi jioni kusikiliza habari na kuongea? Hapana.

Nasema hivi kwa sababu yangu nilinunua mwenyewe, kwa jasho langu. Nilikuwa nimeweka pesa ya kushuti harusi mbili na tangazo la agrovet, nikafika 14,500. Nikapanda matatu hadi Nakuru, nikaingia duka, jamaa wa pale akaweka ngoma moja ya besi mpaka kioo cha kaunta kikaanza kutetemeka. Hakuniuliza sebule yetu ina ukubwa gani. Hakuniuliza nani anaishi kwetu. Aliniuliza tu, "Umeskia hiyo?" Nilikuwa nimeiskia hadi kwa mbavu. Boksi limeandikwa 5.1, limeandikwa wati 12,000. Nikaingia boksi, kama wanavyosema.

Sasa, sebule yetu hapa Londiani ni futi kumi na mbili kwa kumi na mbili hivi. Sakafu ni simiti, juu ni mabati, silingi tutaweka Mungu akipenda. Viti vimezunguka kuta zote nne, vitambaa juu, na ukuta mmoja una wall unit ya mathe yenye zile glasi za wageni ambazo hatujawahi kuzitumia. Nikaisukuma wufa ndani ya wall unit, kwenye kona, kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi. Siku ya kwanza glasi zikaimba kuliko spika. Dogo alikuwa anacheka mpaka analala chini. Mimi nilijiona nimefika.

Aliyekuwa hacheki ni gogo. Gogo wangu anaishi na sisi, ni mtu wa redio. Kile kiredio chake cha betri kilikuwa kimeanza kukwaruza, so mimi kijana mwerevu nikamwambia akiweke pembeni, stesheni zake zote ziko kwa wufa, tena zinasikika hadi barabarani.

Jioni moja mwezi wa nne, mvua ikaanza saa ile ya matangazo ya vifo. Kama wewe ni wa huku unajua mambo mawili. Moja, Londiani mvua ikiamua, imeamua, na chini ya mabati huwezi hata kujisikia ukikohoa. Mbili, matangazo ya vifo si kipindi tu kwa mzee. Ndiyo WhatsApp yake. Ndipo anajua nani ametangulia na mazishi ni lini.

Nikaongeza sauti. Besi ikapanda nayo. Nyumba ikajaa mngurumo wa mtu anayesoma majina akiwa ndani ya pipa. Gogo akainama mbele, mkono kwenye sikio, akaniuliza, "Wamesema nani?" Nikamwambia, "Sikuskia vizuri gogo, ni mtu wa upande wa Sotik." Tukaendelea na maisha.

Siku tisa baadaye shangazi akapiga simu, kwenye maongezi akataja mazishi ya Jumamosi iliyopita. Alikuwa rafiki ya gogo, wa tangu usichana wao, aliyeolewa Sotik. Alikuwa ameshazikwa. Gogo hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kelele ni nyingi, maneno hakuna." Kesho yake nikakuta kile kiredio kimefungwa na raba, kiko juu ya kabati ya jikoni, na yeye ameketi kando ya moto akikisikiliza. Hakurudi sebuleni jioni kwa wiki nyingi.

Hapo ndipo nilikaa chini nikasoma mambo ambayo ningesoma kabla ya kutoa pesa.

Kumbe nguvu ya sauti ya mtu iko kwa irabu, ile a, e, i, o, u, ambazo ziko chini chini. Lakini maana ya neno inabebwa sana na konsonanti, ile s, f, t, k, ch, na hizo ni sauti nyembamba, dhaifu, nyingi ziko kuanzia hetzi 2,000 kwenda juu. Ukizipoteza, Kipkelion inakuwa "i-e-io" na Sotik inakuwa "o-i". Mtu akizeeka, masikio yake yanaanza kupoteza zile za juu kwanza. Besi yenyewe, ambayo iko chini ya hetzi 120 hivi, anaisikia sawa tu. Juu ya hayo, besi nzito ina tabia ya kuzifunika sauti za juu. Kwa hivyo nilikuwa nimetumia 14,500 kumpa gogo zaidi ya kile ambacho tayari anasikia, na kumfunikia kile ambacho kinamponyoka. Na ukiiweka kwenye kona kama nilivyofanya mimi, kuta mbili zinaisukuma besi mbele, inavimba zaidi.

Wacha niwaambie kuhusu zile wati pia, maana hiyo inaniuma. Soketi yetu ya kawaida Kenya ni ya ampea 13, na umeme ni volti 240. Zidisha. Ni wati 3,120, hiyo ndiyo mwisho wa soketi kabla fyuzi haijaenda. Sasa wufa yako itatoa 12,000 wapi? Birika ya umeme inakula kama 2,000, so hiyo ni birika sita zikichemka kwa pamoja, na tokeni zako zingeisha kabla movie haijaanza. Ile namba huwa inaitwa PMPO, na haina kipimo chochote ambacho watengenezaji wamekubaliana. Kila mtu anaandika anachotaka. Namba ya kuuliza ni RMS, ile nguvu ambayo spika inaweza kutoa mfululizo bila kuungua. Kama hawajaiandika, geuza mashine uangalie kibandiko cha nyuma inakula umeme kiasi gani. Yangu: wati 65. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Na hata wati zikiwa za kweli, ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu mara kumi. Kwa sebule ya futi kumi na mbili, wati 20 au 30 za kweli zinatosha na zinabaki.

Halafu hiyo 5.1. Maana yake ni spika tano zimezunguka na wufa moja. Ni kitu cha sinema. Filamu ya kwanza kutoka na sauti ya Dolby Digital ilikuwa Batman Returns, 1992. Pale sinema watu wote wameangalia mbele, spika za nyuma ziko mbali juu ya vichwa vyao. Sisi viti vyetu vimefuata kuta kwa sababu tunakaa kuonana, TV ni mgeni mmoja tu kati ya wengi. Kwa hivyo spika ya nyuma inakuwa imebandikwa kwa sikio la shangazi, na nyaya zinapita sakafuni kumngoja mtu aliyebeba chai.

Isitoshe, tunaangalia nini? Tuwe wakweli. Ni movie za DJ Afro kutoka kwa flashi. Nampenda DJ Afro, sitaki maneno, lakini sauti yake imepakwa juu ya filamu yote, na faili lenyewe kwa kawaida ni la njia mbili tu, kushoto na kulia. Hata ule waya wa nyekundu na nyeupe unaotoka kwa TV unabeba njia mbili tu. Wufa yangu ilikuwa inachukua sauti hiyo hiyo ya mbele na kuirudia nyuma. Nilinunua spika tano zinisomee kitu kimoja.

Wanaoishi kwa ploti pale tauni mna shida nyingine, jirani. Kanuni za kelele za 2009 zinasema makazi usiku ni desibeli 35, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja. Besi hupita ukuta kirahisi kuliko sauti yoyote, kwa hiyo jirani hasikii wimbo wako, anasikia tu dum dum dum. Sijui mtu anayefuata hizo kanuni, lakini ujue ziko.

Kitu kilichonibadilisha kabisa ni rekodi moja ya zamani. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alikuja Kapkatet, hapa hapa Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaitwa Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyekufa 1933. Watu wetu walikuwa wamesikia santuri zake kwenye gramafoni, jina likapinda kwa ulimi wetu likawa Chemirocha. Kwenye rekodi kuna chepkong, kile kinubi chetu, na sauti za wasichana. Basi. Nilimwekea gogo kwa simu, jikoni, spika ile ndogo kama kidole. Akaskia maneno. Akaanza kunirekebisha mimi jinsi ninavyoyatamka. Nikairudia kwa wufa sebuleni, ikawa matope.

Kwa hivyo siku hizi mtu akiniuliza anunue nini, namuuliza kwanza: kwenu nani anasikia vibaya kuliko wote? Nunua kwa masikio ya huyo. Nenda dukani na flashi yako, usikubali ngoma yao. Weka kipande cha taarifa ya habari, weka wimbo unaoujua kila neno, weka mtu mmoja akiongea kwa lugha ya kwenu. Mwambie jamaa ashushe sauti hadi chini kabisa, si kupandisha. Ukipoteza maneno sauti ikiwa chini, hata ukiipandisha utapata tu kelele ya maneno uliyoyapoteza. Halafu mwambie azime besi kabisa. Kama kinachobaki ni sauti ya kopo, hapo ulikuwa unauziwa besi na taa.

Saundiba? Inategemea. Kuna nyingine ni kakopo karefu tu. Lakini ikiwa na spika yake ya katikati, ile ya 3.1, hiyo ya katikati kazi yake kubwa ni maongezi, na huo ndio ufa wetu. Angalia pia kama ina HDMI ARC na kama TV yenu inayo, kwa sababu hapo rimoti ya TV inatosha. Gogo na rimoti tatu hawapatani.

Mimi sikwenda huko. Niliuza wufa kwa kinyozi wa hapa centre kwa 8,000, na kusema ukweli pale inakaa vizuri, inafanya kazi iliyozaliwa kufanya. Nikatafuta spika mbili za mbao za mtumba, ex-UK, na amplifaya ndogo, zote 9,500. Hazina taa hata moja. Nimeziweka juu ya stuli mbili, nje ya wall unit, urefu wa sikio la mtu aliyeketi, mbali kidogo na ukuta. Mathe akaongeza kapeti na pazia nzito, na mwangwi wa simiti ukapungua sana. Hata vile vitambaa vya sofa ambavyo tumevicheka miaka yote vinasaidia kidogo, samahani mathe.

Nimepoteza nini? Movie ya vita haikupigi kifua tena. Dogo anasema nyumba imekuwa kama kanisa. Mjomba wangu wa Ainamoi, ambaye kila bonasi ya majani chai ikitoka ananunua wufa kubwa kuliko ya mwaka uliopita, alikuja akaangalia zile stuli mbili akaniuliza kama mambo ni magumu. Na mvua kubwa bado inatushinda. Mabati ni mabati, hakuna spika ya kuyanyamazisha, hiyo pesa inayofuata ni ya silingi.

Gogo amerudi kwa kiti chake cha pembeni. Juzi jioni nilisimama mlangoni nikamuuliza kama anaskia vizuri. Akaniinulia mkono ninyamaze, matangazo yalikuwa yameanza.