Kwadi ya kazi Kinangop: Tusiinunue kwa sababu ya viazi

Siku hizi ukifungua TikTok hukosi kijana wa Marekani ama New Zealand amekalia pikipiki kubwa ya magurudumu manne, anavuta gogo kutoka kwa matope kama anavuta kiti. Sisi huku tunaijua kwadi kama kitu cha watalii. Unalipia dakika chache pale Naivasha ama Diani, unapigwa picha, unarudi nyumbani na vumbi kwa nywele. Sasa mbogi yetu ya chama imekuja na wazo: tununue moja, si ya kuchezea, ile kubwa ya kazi, tuipeleke Kinangop kwa nyanyake mmoja wetu, iwe inatoa viazi shambani hadi barabarani kwa malipo. Pesa zote za miaka minne ziingie hapo. Nimeombwa maoni, na kwa vile kwenye kikundi cha WhatsApp kila kitu hufunikwa na emoji, nayaandika hapa. Najua si sisi pekee tunaowaza hivi.

Kwanza niseme wazo lenyewe si la kijinga. Mtu ambaye hajafika Kinangop mvua ikinyesha hawezi kuelewa. Lori linasimama kwa barabara ya murram, shamba liko kilomita mbili ama tatu ndani, na katikati ni udongo unaoshika gumboot mpaka unatoka na soksi. Broker anajua hayo. Anajua viazi vikishachimbwa haviwezi kukaa nje vikipigwa na jua na mvua, na anajua mkulima hana njia ya kuvitoa. Kwa hivyo bei anataja yeye, na gunia pia analishona yeye. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado ipo, na anayelalamika anaachiwa viazi vyake. Mwenye uwezo wa kufikisha mzigo barabarani akiwa na wanunuzi wawili watatu wa kuchagua, huyo angalau anaongea bei.

Boda hubeba gunia mbili. Matope yakijaa kati ya tairi na madigadi, haibebi hata dereva wake.

Hapo ndipo kwadi kubwa inaingia. Chukua Polaris Sportsman 570, ama Yamaha Grizzly 700. Injini ni ya sisi 567 kwa ile ya kwanza na 686 kwa ya pili, wakati boda ya kawaida ni ya sisi 150 hivi. Magurudumu yote manne yanavuta. Tairi ni pana na upepo wake ni kidogo sana, kama psi tano, wakati gari dogo hutumia 30 hivi. Ndiyo maana inapita juu ya matope badala ya kuyachimba. Ukisoma karatasi ya watengenezaji utaona inaweza kuvuta trela la kilo 600 hivi.

Lakini soma karatasi yote, msee. Ile keria ya nyuma, ambayo wengi wetu tulidhani itapakiwa gunia nne, inaruhusiwa kilo 80 hadi 90 tu. Hiyo ni gunia moja na kichungi cha machungwa. Kazi yote itakuwa kwa trela, na zile kilo 600 ni pamoja na uzito wa trela lenyewe. Toa kilo 100 za chuma, unabaki na 500, yaani gunia kumi halali. Tena hiyo ni ya tambarare. Kwenye mteremko unapunguza, la sivyo trela ndilo litaamua mnaenda wapi. Halafu Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda. Kwa urefu huo ni karibu robo imeenda. Zile farasi 44 za Polaris zinabaki kama 33. Bado ni nyingi, lakini si zile za video.

Sasa bei. Kwadi mpya ya aina hii huko Marekani inaanzia zaidi ya dola 7,000. Badilisha kwa Sh130, umefika zaidi ya Sh900,000, na bado iko Marekani! Ongeza meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada nyingine za bandarini, kisha trela la kuundwa hapa jua kali. Wacha tuseme milioni moja na nusu ikishafika shambani. Kuna za Kichina kama CFMOTO ambazo bei yake ni nafuu, na sina ubaguzi, maana hata simu ninayoandikia hii ni ya Kichina. Swali langu kwa yoyote ile ni moja: ikiharibika, spea iko wapi? Spea za boda ziko kila soko, hata pale Njabini. Nyingi za hizi zina mkanda badala ya gia za kawaida. Ukivuta trela zito mlimani bila kuweka gia ya chini, mkanda unaungua, na mkanda wenyewe hutaukuta kwa duka la jirani. Utaanza Barabara ya Kirinyaga, uambiwe uende Grogan, kisha uambiwe uagize. Wiki tatu mashine imefunikwa na turubai na kuku wametaga ndani. Honda wana aina fulani, kama ile Rancher, inayotumia gia za chuma bila mkanda. Kama ni lazima, mimi ningeangalia upande huo, na iwe na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, si kabureta, kwa sababu ya ile hali ya mlimani niliyotaja.

Lakini tatizo kubwa silo hilo. Tatizo ni kalenda.

Viazi vya mvua ndefu hupandwa Machi ama Aprili na kuchimbwa karibu Julai na Agosti. Vya mvua fupi hupandwa Oktoba, vikachimbwa Januari na Februari. Yaani matope mabaya kabisa huja wakati wa kupanda, siku ambazo mkulima ametoka kununua mbegu na mbolea na hana hata mia ya kukulipa. Akiwa na pesa, wakati wa kuchimba, mara nyingi njia imekauka na punda anapita. Punda hanunui petroli, haogopi EPRA ikitangaza bei kila tarehe 14. Kwa hivyo mashine ya milioni na nusu ingefanya kazi ya maana wiki chache kwa mwaka, na kwa wateja wasio na kitu mfukoni.

Kile ambacho hakina msimu Kinangop ni maziwa. Ng'ombe anakamuliwa leo, kesho, Krismasi, mvua ikinyesha ama isinyeshe. Maziwa yakichelewa kufika kituoni yanachacha na yanakataliwa, na hasara ni ya mkulima. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili lakini kugawanya najua, kwa hivyo tupige hesabu. Mtungi wa lita 50 ukijaa, maziwa peke yake ni kilo 51 na kitu. Ongeza uzito wa mtungi, tuseme kilo 10. Trela letu la kilo 500 linabeba mitungi minane, lita 400. Tukitoza Sh3 kwa lita, hiyo ni Sh1,200 kila asubuhi, Sh36,000 kwa mwezi. Hata bila kutoa petroli, dereva na huo mkanda, milioni moja na nusu inarudi baada ya karibu miaka mitatu na nusu. Ukitoa hizo gharama, ongeza miaka. Hapo sasa mbolea ya Aprili na viazi vya Julai vinakuwa nyongeza juu ya maziwa, na biashara inaanza kuonekana kama biashara.

Kuna jambo ambalo kwa kikundi hakuna aliyeligusa. Hizi mashine huua. Honda walipoleta ya kwanza mwaka 1970 ilikuwa ya magurudumu matatu, na watu walipinduka nazo vibaya hivi kwamba Marekani watengenezaji walikubali mwaka 1988 kuacha kuziuza. Ya magurudumu manne ni afadhali, ila bado ni ndefu kwenda juu na nyembamba, na ikipinduka zaidi ya kilo 300 zinakulalia. Australia tangu Oktoba 2021 kila kwadi mpya ya kazi lazima iwe na chuma cha kumkinga dereva. Honda na Yamaha waliamua kuacha kuziuza huko. Hawa ni wakulima waliozaliwa nazo! Sasa tufikirie sisi tuliozoea mshikaki. Kile kiti kirefu si cha abiria, ni cha dereva kusogeza mwili akipanda na kushuka. Nani atamwambia mama aliyebeba mtoto kwamba hapandi, na mvua inanyesha? Na si mashine ya lami. Mtengenezaji mwenyewe hubandika onyo hilo juu yake. Kabla ya kulipa hata mia, muuzaji atuonyeshe karatasi za usajili na kampuni ya bima iliyokubali kuikatia bima. Bila hivyo tukifika barabarani tu, sisi na polisi.

Zile pesa si za mchezo. Ndani yake kuna karo ya mdogo wake mmoja wetu, aliyekubali kungoja zamu yake isogezwe. Hiyo pekee inanifanya niwe mgumu.

Mkutano ni Jumapili. Kura yangu iko hivi: tununue kwanza tuktuk ya mizigo, ambayo haitafika nusu ya hiyo bei, ikae kwenye murram ichukue maziwa yanayoletwa na boda na punda kutoka ndani. Tufanye hivyo kuanzia sasa hadi mvua za Machi ziishe. Karo itolewe. Wakulima wakitupa lita 400 kila siku kwa mwezi mzima wa matope, na maandishi tukayaweka, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono kwadi, mradi trela lake liwe na breki zake lenyewe na dereva awe mmoja, mwenye helmeti, na asiwe yule jamaa wetu wa TikTok.