Jiko la Mkaa Lisilale na Watu

Nasema nanyi, ndugu zangu wa Njombe, Makete na Mufindi. Nasema pia na wa Mbeya, wa Lushoto, wa miteremko ya Meru, na majirani zetu wa Limuru, Kinangop na Molo, ambao baridi yao ni hii hii yetu. Ninaomba jambo moja, na nitalitaja hapa hapa ili hata atakayeishia aya hii awe amelipata: kuanzia msimu huu, jiko lenye moto wa mkaa lisiingie katika chumba ambacho mtu atalala. Liwe la mgeni, la mzazi au la mlinzi, libaki nje. Tukubaliane hivyo mtaa kwa mtaa, na atakayekiuka aulizwe na jirani yake.

Najua ninaomba kitu kizito. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo iko juu zaidi. Kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na mtoto anakwenda shule mikono ameificha kwapani. Mtu wa Dar es Salaam akitushauri tuvae sweta, tunamcheka. Moto kwetu ni hitaji. Tena wazee wananiambia: babu zetu walilala na moto maisha yao yote, mbona hawakufa? Hilo ni swali la haki, na linastahili jibu.

Jibu liko kwenye paa. Nyumba ya babu iliezekwa kwa nyasi, kuta zake fito na udongo, moto wa kuni ukiwaka katikati. Moshi ulipenya katika nyasi, na hewa mpya iliingia chini ya mlango. Moshi ule uliwaharibu macho na vifua, tusijidanganye, lakini ulikuwa na pa kutokea. Leo tumejenga kwa tofali za kuchoma, tumepiga lipu ndani na nje, tumeezeka bati la msauzi, tumeweka jipsamu juu na madirisha ya alumini yanayofunga kabisa. Usiku tunasukuma kitambaa chini ya mlango ili upepo usipite. Ni nyumba nzuri, na tumeitolea jasho. Ila tulipoibadilisha nyumba hatukuibadilisha tabia ya kuota moto ndani yake, na juu ya hapo tukaacha kuni tukachukua mkaa.

Mkaa ndio unaotudanganya. Kuni zikikosa hewa zinatoa moshi, unakohoa, unafungua mlango. Mkaa ukishashika ukawa mwekundu hauna moshi wala harufu ya kukusumbua, na watu wengi wanaamini kwamba hapo ndipo unapokuwa salama kuingizwa ndani. Sivyo. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, tangu unapowashwa hadi kaa la mwisho lililofunikwa na majivu. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ukiivuta inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo unapumua kama kawaida huku ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Kichwa kinaanza kugonga, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu. Aliye macho atadhani ni malaria au mafua. Aliyelala hadhani chochote, kwa sababu gesi inamzidishia usingizi.

Beseni la maji lililowekwa pembeni ya jiko halisaidii, maana maji hayainyonyi gesi hii. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole halitoshi kulinda chumba kizima. Na kumnywesha maziwa mtu aliyevuta hewa hii ni kupoteza dakika zinazohitajika kumfikisha hospitali, mbali na kwamba aliyelegea anaweza kupaliwa.

Kila baridi inapofika tunasikia habari ya watu waliolala wazima na hawakuamka. Mlango unavunjwa, jiko linakutwa katikati ya chumba, majivu meupe. Halafu yanaanza maneno: wamelishwa sumu, wamerogwa, shemeji alikuwa na kinyongo. Ndugu wanaachana kwa ajili ya kitu kilichonunuliwa sokoni kwa debe. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa kuwa aliyekufa anazikwa na waliobaki wanatupiana lawama, na jiko lile lile linarudi ndani wiki inayofuata.

Naomba tumtazame mzazi kwanza. Mama amejifungua, amerudi nyumbani na kichanga, na mama mkwe kwa upendo wake wote anafunga madirisha na kusogeza jiko karibu na kitanda ili mtoto asipate baridi. Hakuna chumba cha hatari kuliko hicho. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi, na mjamzito anayevuta gesi hii anamfikishia mtoto aliye tumboni. Akina mama wakubwa, ninyi ndio mnaosikilizwa katika chumba cha mzazi kuliko daktari. Mwekeni mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu ya wote wawili. Njia hii, iitwayo ya kangaruu, ndiyo inayotumika hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na haina mkaa.

Kuna wengine tunaowasahau. Mlinzi katika kibanda cha bati chenye mlango mmoja. Wanafunzi wanne katika geto moja. Wageni wa msibani waliopangwa sakafuni katika chumba ambacho jiko la chai limeachwa lipoe lenyewe. Na mfugaji anayelea vifaranga: jiko liko chumba cha vifaranga, watoto wamelala chumba cha pili, na siling ni moja isiyotenganishwa na ukuta. Gesi hii haizuiliwi na pazia.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wasio na uwezo. Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa nyumbani kwake Paris mwaka 1902 kwa gesi hii hii, kwa sababu bomba la moshi la chumba chake cha kulala lilikuwa limeziba.

Basi tuote moto wapi? Wengi wetu tunaweza kuota jikoni, penye uwazi, kisha tukaingia kulala na chupa ya maji ya moto na blanketi la pili. Lakini mwenye nyumba anayetaka joto ndani usiku anahitaji jiko la kuni lililofungwa, lenye mlango wa chuma na bomba linalotoa moshi hadi juu ya paa. Mafundi wa kuchomelea tunao, na kuni za miwati na mikaratusi tunazo. Tatizo ni kwamba linasimikwa ovyo, na jiko lililosimikwa ovyo linaweza kuua kwa njia mbili, kwa gesi na kwa moto.

Fundi bati, hapa nasema na wewe. Hewa ya moto inapanda yenyewe ikiachiwa njia iliyonyooka, na kila kona unayoongeza inaipunguzia nguvu. Bomba lililotobolewa dirishani na kuishia chini ya ukingo wa paa linarudisha moshi ndani upepo ukigeuka. Lipandishe juu, lizidi paa kwa sentimita 90 mahali linapotokea, na liwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60. Kenchi zetu ni za misindano, mbao yenye utomvu. Mbao inayopata joto kila siku hukauka mpaka ikashika moto hata isipoguswa na mwali, kwa hiyo bomba tupu la chuma likae sentimita 45 mbali na mbao au jipsamu yoyote, na linapopita kwenye siling lizungukwe na kola ya bati yenye nafasi. Jiko lenyewe likae sentimita 90 mbali na ukuta wa mbao, pazia na godoro, juu ya sakafu ya saruji au tofali. Usitumie bati lililopakwa zinki karibu na moto, zinki ikipata joto kali inatoa mvuke wenye sumu. Bomba la plastiki hata nisilitaje, ingawa wapo waliolijaribu. Na uache tundu la hewa ukutani, maana moto unaokosa hewa mpya hauwezi kuusukuma moshi nje. Mteja akikuambia uzibe tundu hilo kwa sababu linaleta baridi, mkatalie, hata kama ndiye anayekulipa.

Mwenye jiko naye ana kazi yake. Kuni mbichi ndizo zinazoharibu bomba. Ukiona mwisho wa kuni unatoa povu na kulia, ujue moto unatumika kuchemsha maji, na moshi wake unaganda ndani ya bomba kama lami nyeusi. Lami hiyo siku moja inashika moto, bomba linanguruma juu ya siling, na nyumba inakwenda. Pasua kuni, zipange juu ya vigogo zisiguse ardhi, ziezekee, uziache miezi sita hadi mwaka. Safisha bomba kila mwaka kabla ya Juni, na ukikuta lami imefika milimita 3 usisubiri mwaka uishe. Majivu yatoke kwa ndoo ya bati yenye kifuniko na yakae nje, kwani kaa lililofukiwa ndani yake linaweza kuwa hai siku kadhaa.

Serikali ya Tanzania imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na ni jambo jema. Lakini mkakati huo ni wa kupikia, wala Juni haitasubiri 2034.

Kwa hiyo naomba haya yafanyike kwetu, na sisi wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa kila baada ya miezi mitatu; wa kabla ya baridi uweke jambo hili kwenye ajenda, na halmashauri ya kijiji ianze sheria ndogo inayomtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke matundu ya hewa katika kila chumba. Anayekusanya kodi ya vyumba kumi hashindwi kutoboa tofali kumi. Mapadri, wachungaji na mashehe, tangazeni kila ibada ya Juni, kabla hamjaombwa kuzika. Mabalozi wa nyumba kumi, piteni jioni. Mnajua nani amejifungua, nani ana mgeni na nani analinda wapi. Wenye nyumba za wageni, nunueni kengele inayolia gesi hii inapozidi, kabla ya kununua televisheni nyingine.

Na siku mkigonga mlango asubuhi usifunguliwe, fungueni milango na madirisha yote kwanza, mtoeni aliye ndani hadi kwenye hewa, wala asiingie mtu peke yake akabaki humo. Kwa Tanzania pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji. Mkifika hospitali semeni mara moja kwamba chumbani kulikuwa na jiko. Kauli hiyo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Anachohitaji ni oksijeni safi kwa barakoa, ambayo inapunguza gesi mwilini kwa nusu katika saa moja hadi moja na nusu, ambapo kwa hewa ya kawaida ingechukua saa nne au tano.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, toa jiko nje. Kisha nenda kwa jirani, ubishe hodi, umuulize la kwake liko wapi.