Bariadi katika karatasi za zamani

Mkoa wetu wa Simiyu ulianza mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Zamani zaidi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa. Basi ukitafuta habari za babu zako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uliza majalada ya Maswa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila za Wasukuma wakati wa Mwingereza. Lakini mpaka wa ngitili yenu nani ameuandika? Wazee wanaoujua wanapungua. Wewe sasa unajua kuandika. Kaa na mzee, andika jina lake, tarehe, na alama anazokuonyesha, mti au jiwe. Stakabadhi za pamba za baba yako usizitumie kuwashia moto. Ziweke ndani ya debe lenye mfuniko, mchwa wasizifikie.